Itifaki za Intaneti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Baada ya Isha huwa nakaa na vijana wachache hapa Chake Chake. Tunafungua ruta kuukuu, tunabana vichwa vya waya, tunajifunza namna mitandao inavyozungumza. Maswali wanayoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na wenye nyumba za wageni Unguja, walimu wa skuli za Wete na wenye maduka Mkoani. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili asiyeweza kufika darasani naye ayapate.

Itifaki ni nini hasa?

Ni mapatano. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa "kuafiki", "kuafikiana" na "muafaka". Hakuna Mzanzibari mtu mzima asiyejua muafaka ni nini: pande mbili, kila mmoja na yake, zinakaa na kukubaliana kwamba nikifanya hivi, wewe utafanya vile. Kompyuta nazo hazijuani. Moja imeundwa China, nyingine Marekani, programu zake zimeandikwa na watu ambao hawajapata kuonana. Kinachoziwezesha kuelewana ni mapatano yaliyoandikwa neno kwa neno.

Sisi tumekua na itifaki bila kuiita hivyo. Mtu hafiki kwenye mlango wa watu akaingia tu. Anapiga "Hodi!", wa ndani anaitikia "Karibu!", na yeye anajibu "Nishakaribia." Kompyuta mbili zinapoanza mazungumzo kwa itifaki ya TCP hupita hatua hizo hizo tatu. Ya kwanza hutuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ya kubisha hodi. Ya pili huitikia kwamba imesikia, nayo inabisha hodi upande wake. Ya kwanza inathibitisha, na hapo ndipo data inaanza kupita. Isipoitikiwa, hubisha tena na tena, kila mara ikingoja muda mrefu zaidi kuliko mara iliyotangulia, mpaka ikate tamaa irudi. Ule ujumbe wa kwamba muda wa kuunganisha umekwisha ndiyo maana yake: hodi imepigwa, mwenyeji hakuitika.

Nani mwenye intaneti? Nani anayetunga hizi sheria?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana jibu lake huwashangaza wengi. Hakuna mwenyewe.

Mwezi Aprili 1969 kijana mmoja mwanafunzi wa Marekani, Steve Crocker, aliandika waraka mfupi kuhusu namna kompyuta za ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, zitakavyozungumza. Hakutaka uonekane kama amri, basi akauita RFC, yaani ombi la maoni. Ule ukawa RFC nambari 1. Leo zimepita 9,000, na jina halijabadilika. Kila itifaki kubwa ya intaneti ina RFC yake, na zote ziko wazi: unazisoma bure, unazichapa, unampa mwenzako.

Kazi ya kuzitunga inasimamiwa na kundi liitwalo IETF, lililokutana mara ya kwanza Januari 1986 likiwa na watu 21. Halina kadi ya uanachama. Mijadala mingi hufanyika kwa barua pepe, na yeyote mwenye anwani ya barua pepe anaweza kuingia, awe London au Micheweni. Hawapigi kura. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa wazee wa kazi hii, alilieleza kundi hilo kwa maneno ambayo bado yanarudiwa: tunakataa wafalme, marais na kura; tunaamini makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Kwa mila yao, wakitaka kujua ukumbi umeelekea wapi, watu huguna kwa pamoja, na mwenye kikao husikiliza mguno upi mzito.

Nawaambia vijana wangu: hili ni jambo letu pia. Mtu wa Pemba akiona kasoro kwenye RFC na akaieleza vizuri, hoja yake ndiyo itakayopimwa. Hakuna atakayemuuliza katoka wapi.

TCP/IP ni kitu kimoja au viwili?

Viwili, vilivyozoea kutajwa pamoja. Vinton Cerf na Robert Kahn walitoa wazo lake mwaka 1974, RFC zake kuu zikatoka Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ikahamia huko.

IP ndiyo inayobeba. Chukua picha ya baiti milioni tatu unayotaka kumtumia dada yako aliye Muscat. Haitoki nzima. Inakatwakatwa, na kwa kawaida ya mitandao ya waya pakiti moja haizidi baiti 1,500, ikiwemo sehemu ya anwani. Kwa hiyo picha yako inakuwa pakiti elfu mbili na zaidi kidogo, kila moja imeandikwa inakotoka na inakokwenda. Kila ruta njiani inasoma anwani na kuisogeza hatua moja mbele. IP haikuahidi kwamba pakiti itafika. Inaweza kupotea, inaweza kuchelewa, ya kumi inaweza kuitangulia ya tisa.

TCP ndiyo karani wa bandarini. Kila kipande kimepewa nambari, na upande wa pili huhesabu kama karani anavyohesabu magunia ya karafuu yanaposhushwa chomboni: hili limefika, hili limefika, la mia moja na nne silioni. Kisichofika kinaletwa tena, na mwisho vyote vinapangwa kama vilivyokuwa.

Karani huyo anakula muda. Ndiyo maana simu za sauti na video mara nyingi hutumia ndugu yake mwepesi, UDP, ambaye hahesabu wala hangoji. Katika mazungumzo, neno lililopotea halina faida likiletwa baada ya sekunde mbili. Sauti ikikatika kidogo ukamwambia mwenzako "hebu sema tena", basi hapo wewe mwenyewe umefanya kazi ya TCP.

Simu yangu ina anwani 192.168.1.5, na ya jirani ni hiyo hiyo. Mbona hazigongani?

Kwa sababu hizo ni anwani za ndani ya nyumba. RFC 1918 ya mwaka 1996 ilitenga mafungu matatu ya anwani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia ndani kwake: yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na ya 192.168. Nje ya nyumba hazitambuliki. Kila nyumba Mji Mkongwe inaweza kuwa na "chumba cha juu", na hakuna anayechanganyikiwa maadamu wanaozungumza wamo nyumba moja. Pakiti yako inapotoka, ruta huifuta anwani ya ndani, inaweka ya kwake, na inakumbuka nani aliyetuma nini ili jibu likirudi limfikie mwenyewe.

Chanzo cha yote haya ni uhaba. Anwani za IP za toleo la nne zina biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri au moja, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Mwaka 1981 zilionekana nyingi mno. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake ya mwisho. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, ambayo makao yake yako Ebene, Mauritius, na tangu 2020 nayo inagawa kwa kubana sana.

Ndiyo maana kampuni nyingi za simu hufanya ubadilishaji ule mara ya pili huko kwao, na wateja wengi wanatoka nje kwa anwani moja ya pamoja. Ukiona anwani ya nje ya ruta yako inaanza na 100.64 mpaka 100.127, umo kwenye kundi hilo. Hapa wengi hupata tabu. Mtu ananunua kamera ya ulinzi, anaifunga nyumbani Fumba, anataka kuiona moja kwa moja akiwa Dubai, haiwezekani, anamlaumu fundi. Fundi hana kosa: kutoka nje hakuna mlango wa kupigia hodi. Inabidi kamera yenyewe itoke kwenda kwenye seva ya kati, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, au umwombe mtoa huduma anwani ya peke yako, ambayo mara nyingi utailipia zaidi.

Dawa ya kudumu ni toleo la sita, lenye anwani za biti 128. Idadi yake ni 340 ikifuatwa na tarakimu 36. Lilitolewa rasmi 1998, na mpaka leo mitandao mingi bado inasitasita. Naiona ni hasara kubwa, kwa sababu sisi tuliochelewa kupata anwani za zamani ndio tunaoumizwa zaidi na uhaba wake.

Bando lipo, alama ya waifai imejaa, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Kwa nini?

Kabla ya kuzima na kuwasha kila kitu, jaribu jambo moja. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8, amri ya kubisha hodi kwenye kompyuta ya Google iliyo nje. Ikijibiwa, njia ya nje ni nzima, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye DNS.

DNS ndiyo inayogeuza jina, mfano suza.ac.tz, kuwa anwani ya nambari. Mgeni akitafuta nyumba Mji Mkongwe hapewi ramani, anauliza barazani. Wa baraza la kwanza haijui nyumba, lakini anajua mtaa: "Nenda Mkunazini, uliza pale." Wa Mkunazini anajua kichochoro. Wa kichochoroni anamfikisha mlangoni. DNS ndivyo inavyouliza. Huanza na seva za mzizi, zenye majina 13 kuanzia A hadi M na nakala zaidi ya elfu moja zilizotawanywa duniani. Hizo hazijui suza iko wapi ila zinajua nani anayeshika .tz. Wa .tz anaelekeza mbele, mpaka anapatikana mwenye jibu. Jibu huhifadhiwa kwa muda ili safari hiyo isirudiwe kila mara. Mpango huu uliasisiwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake majina yote ya kompyuta za mtandao yaliwekwa kwenye faili moja, na kila mtu alilazimika kuchukua nakala.

Ikiwa ping imejibiwa na majina hayafunguki, badilisha seva ya DNS kwenye mipangilio ya ruta. Ping nayo ikikataa, angalia waya, kisha salio, kisha piga simu kwa mtoa huduma. Fuata mpangilio huo. Nimeona watu wakinunua ruta mpya kwa tatizo la dakika mbili.

Zanzibar ina mwisho wake wa jina, kama .tz?

Haina. Miisho ya nchi hufuata orodha ya kimataifa ya ISO 3166, na humo tumo ndani ya TZ. Taasisi zetu hutumia .go.tz, .ac.tz na kadhalika. Kwenye simu za mezani tuna msimbo wetu wa eneo, 024. Nambari ya kimataifa 259 iliwahi kutengwa kwa ajili ya Zanzibar, lakini haikuanza kutumika.

Kwa nini waifai haifiki chumba cha pili katika nyumba za Mji Mkongwe?

Ukuta. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake katika nyumba kubwa unapita urefu wa mkono wa mtu mpaka kiwikoni, na baadhi zimenyonya unyevu. Mawimbi ya redio hayapendi mawe, na maji yanayachukia zaidi.

Viwango vya waifai vinaitwa 802.11, cha kwanza kilitoka 1997. Masafa yanayotumika zaidi ni mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La kwanza linapenya zaidi lakini lina msongamano. Njia zake zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na kwenye kichochoro kimoja chenye nyumba za wageni sita zote hung'ang'ania hizo. La pili lina kasi, ila ukuta mmoja wa matumbawe unalimaliza.

Nilipoanza kazi nilifunga kifaa chenye nguvu mapokezi, katika nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, nikajivuna. Wiki ile ile nikaitwa, wageni wa juu hawapati kitu. Kifaa kinaweza kupiga kelele hadi juu, lakini simu ya mgeni haina sauti ya kumjibu, na mazungumzo ni ya pande mbili. Nikang'oa. Nikapitisha waya kupitia uwazi wa ua wa katikati, nikaweka vifaa vidogo vitatu, kimoja kila ghorofa, vikitazama varanda. Mpaka leo vinafanya kazi. Nyumba zile zina ua kwa ajili ya hewa na mwanga. Ua huo huo ndio njia nzuri ya waya na mawimbi.

Mawili ya kuongeza. Waya wa shaba wa mtandao usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, hicho ni kikomo cha kiwango chenyewe. Na karibu na bahari, vichwa vya waya vinashika kutu: vifunike, na ukaguzi wa kila miezi michache usiuache.

Kompyuta zote za skuli zinasema muunganisho si salama. Tumedukuliwa?

Mara nyingi hapana. Tazama kwanza saa na tarehe.

Niliitwa kwenye chumba cha kompyuta cha skuli moja hapa Pemba. Umeme ulikatika usiku kucha, asubuhi kila mashine ikawa inakataa tovuti zenye https. Mwalimu hakulala, akiamini wezi wameingia. Nikatazama kona ya chini ya kioo: tarehe ilikuwa 1 Januari 2010. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo bapa, CR2032, inayotunza saa umeme unapokosekana. Zote zilikuwa zimekufa kwa uzee.

Tovuti yenye https huonesha cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2010 ikioneshwa cheti kilichotolewa miaka mingi baadaye, inasema bado hakijaanza, na inakikataa. Inafanya kazi yake kama ipasavyo.

Tulinunua betri, kisha tukawasha ulinganishaji wa saa, ambao ulikuwa umezimwa. Kazi hiyo hufanywa na itifaki ya NTP, aliyoianzisha David Mills katika miaka ya 1980. Inauliza saa kwenye seva, inapima muda pakiti iliotumia kwenda na kurudi, na inarekebisha. Watoto wakauliza swali zuri: NTP inajua saa zetu? Haijui. Yenyewe inahesabu kwa saa ya dunia, UTC. Kompyuta inaongeza saa tatu kwa ukanda wa Afrika Mashariki, halafu sisi tunatoa sita kichwani. Saa mbili asubuhi yetu, kioo kinaandika 08:00, na kwenye pakiti ni 05:00.

Kwa hiyo nikiona kufuli kwenye kivinjari, duka hilo la mtandaoni ni la kuaminika?

Hapana, na naomba hili lishikwe. Kufuli linakuambia kwamba mazungumzo yamefichwa njiani na kwamba unazungumza na mwenye jina lile lililoandikwa juu. Halikuambii kama mwenye jina ni mwaminifu. Tapeli naye anapata cheti, tena bure. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuandika nambari ya siri.

404 ni nini?

Seva imeitika hodi yako, lakini ulichokiomba hakipo. Majibu yanayoanza na 4 yanaelekeza kwenye ombi lako. Yanayoanza na 5 ni matatizo ya seva yenyewe, na huko huna la kufanya ila kungoja.

Mkongo wa baharini ukikatika, mbona intaneti inakuwa nzito badala ya kuzimika kabisa?

Sisi wa visiwani tunajua maana ya kutegemea waya mmoja. Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa sababu njia ya umeme kutoka bara iliharibika na hakukuwa na nyingine. Intaneti ilibuniwa ili isiwe hivyo.

Mpaka mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu, na kwenda na kurudi tu kulikula karibu nusu sekunde. SEACOM ikaanza kazi Julai 2009, EASSy Julai 2010, zote zikifika Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini. Kilichotuokoa tusizimike kabisa ni njia zilizobaki, na itifaki iitwayo BGP.

BGP ni mazungumzo kati ya mitandao mikubwa. Kila mtandao una nambari yake, na unawatangazia majirani: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Njia moja ikifa tangazo lake linaondolewa, na majirani wanachagua nyingine. Pakiti zako za Unguja zikaanza kuzunguka njia ndefu, nazo zikasongamana huko, kama abiria wa boti tatu wanapopandishwa kwenye moja.

Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora BGP kwenye karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula mwaka 1989, na ilijengwa juu ya kuaminiana. Hapo pana udhaifu. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi, tangazo likavuja, na kwa muda sehemu kubwa ya dunia ikapeleka pakiti za YouTube Pakistan. Oktoba 4, 2021 Facebook iliondoa matangazo yake yenyewe kwa makosa wakati wa matengenezo, ikatoweka kwa takriban saa sita pamoja na WhatsApp. Seva zilikuwa hai, umeme upo, ila hakuna aliyejua njia ya kuzifikia.

Nimenunua intaneti ya 10 Mbps, lakini faili linashuka kwa 1.2 tu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kasi huuzwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa kumi kwa nane utapata 1.25, kilichopungua ni zile anwani na nambari za pakiti.

Nataka kusoma RFC. Nianzie wapi?

Wengi huanza na ile ya TCP wanazama. Anza na RFC 768 ya Agosti 1980, inayoeleza UDP. Ina kurasa tatu tu. Kiingereza chake ni chepesi, na usipoelewa neno muulize mwenzako, ndivyo tunavyofanya sisi. Kisha pakua Wireshark, programu ya bure inayoonesha pakiti zinazopita, iwashe kwenye kompyuta yako mwenyewe, na utafute pakiti moja ya UDP. Utaviona vile vile vilivyoandikwa mwaka 1980: mlango wa kutokea, mlango wa kufikia (nambari zinazoonesha pakiti ni ya programu ipi), urefu, na nambari ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Baiti nane. Ukishaziona kwa macho yako, njoo jioni Chake Chake tuendelee na DNS.